Bando linajuaje kwamba hii ni WhatsApp?

Nunua bando la WhatsApp la siku, halafu fungua na gazeti la mtandaoni. Meseji zitakatwa kwenye MB za WhatsApp, gazeti litakatwa kwenye data ya kawaida. Ilhali WhatsApp imesimbwa, yaani imefungwa ili wa njiani asiisome, na gazeti nalo lina https. Mtambo wa kampuni ya simu umejuaje kipi ni kipi, kama kweli hauoni kitu?

Unaona. Hauoni ulichoandika wala ulichosoma, ila unaona unaongea na seva ya nani, saa ngapi, kwa muda gani na kwa MB ngapi. Ni kama kutuma mzigo kwa basi kutoka Dar kwenda Mwanza. Umeufunga solotepu pande zote na konda hajui kama ndani ni vitenge au simu, lakini jina la mpokeaji umeliandika juu kwa maka peni, mzigo umepimwa, na risiti ina saa. Mtu akikusanya risiti zako za mwezi mzima atakuwa anakujua vizuri tu.

Nikisema mtoa huduma hapa nina maana ya yeyote aliyekaa kwenye njia: kampuni ya simu, mwenye faiba ya nyumbani, hata mwenye Wi-Fi ya hosteli.

Jina linavuja mara tatu

Mara ya kwanza ni kwenye DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani. Kivinjari hakijui "sw.wikipedia.org" iko wapi, kinajua anwani za IP tu, yaani namba za mashine mtandaoni, kwa hiyo kabla ya kufungua chochote kinauliza. Usipobadilisha kitu, anayeulizwa ni seva ya DNS ya mtoa huduma wako mwenyewe, na swali linasafiri wazi kupitia poti (mlango) namba 53. Wengi hubadilisha wakaweka 8.8.8.8, DNS ya Google, wakidhani wamejificha. Hawajajificha. Wamebadilisha anayejibu, lakini swali bado linapita wazi mbele ya mtoa huduma, naye akitaka anaweza hata kulikamata njiani na kulijibu yeye.

Mara ya pili ni SNI, yaani jina la tovuti ambalo kivinjari kinaitajia seva, na hii ndiyo kubwa. Kivinjari kikishapata anwani, kinatuma pakiti (kifurushi kidogo cha data) ya kwanza ya TLS, usimbaji ulio nyuma ya https. Pakiti hiyo inaitwa ClientHello. Ndani yake jina la tovuti limeandikwa wazi, herufi kwa herufi. Si uzembe. Seva moja yenye IP moja inaweza kubeba mamia ya tovuti, na lazima ijue itoe cheti cha ipi (cheti ni uthibitisho kwamba seva ni ya tovuti hiyo kweli) kabla pande mbili hazijakubaliana funguo. Utaratibu huo uliingia kwenye viwango mwaka 2003. TLS 1.3 ilipokuja mwaka 2018 ilificha cheti, ambacho kwenye TLS 1.2 kilikuwa kinapita wazi nacho, lakini SNI ikaachwa ilivyokuwa.

Hapo ndipo bando linapohesabiwa. Mtambo unasoma jina kwenye pakiti ya kwanza, unaubandika muunganisho wote lebo, na kuanzia hapo unahesabu baiti tu bila kuhangaika na kilichomo. Kinachoishia na fbcdn.net kinaingia kapu la mitandao ya kijamii. Kinachoishia na googlevideo.com ni video ya YouTube. Picha na video za WhatsApp hupitia majina yanayoishia na whatsapp.net. Meseji zenyewe zinatumia itifaki (utaratibu wa mawasiliano) ya WhatsApp isiyo TLS, kwa hiyo hazina SNI, na hizo hutambuliwa kwa anwani za IP za Meta, mwenye WhatsApp, na kwa umbo la pakiti.

Kuna wanaodhani HTTP/3, toleo jipya la http, imemaliza tatizo kwa sababu inatumia itifaki ya QUIC, ambayo inasimba hata pakiti ya kwanza. Kweli inaisimba, ila ufunguo wa pakiti hiyo unakokotolewa kutoka kwenye namba ya muunganisho iliyoandikwa juu ya pakiti ileile, kwa kanuni iliyochapishwa hadharani mwaka 2021. Ni kufuli lenye ufunguo umening'inizwa kwenye kitasa. Mtambo wa kisasa wa mtoa huduma unasoma SNI ya QUIC kama unavyosoma ya TLS ya kawaida.

Mara ya tatu ni anwani ya IP yenyewe, ambayo haiwezi kufichwa kwa sababu bila hiyo pakiti haifiki. Thamani yake inategemea aliyeko huko. Wikipedia iko kwenye anwani za shirika lake, kwa hiyo IP peke yake inatosha kujua ni Wikipedia. Tovuti iliyo nyuma ya Cloudflare, kampuni inayopokea trafiki kwa niaba ya tovuti nyingi, inashiriki anwani na nyingine nyingi, na hapo IP peke yake inasema machache.

Uganda ililiona jambo hili nchi nzima. Tarehe 1 Julai 2018 ilianza kodi ya OTT, shilingi 200 za Uganda kwa siku kwa anayetaka Facebook, WhatsApp, Twitter na wenzake. Asiyelipa alifungiwa hizo tu, tovuti nyingine zikaendelea kufunguka. Kodi ya namna hiyo haikusanyiki kama kampuni za simu hazioni trafiki inaelekea wapi. Ndiyo maana watu walikimbilia VPN, inayopitisha trafiki yote ikiwa imesimbwa hadi seva nyingine, kwani jina likifichwa kichujio hakina pa kushika. Mwaka 2021 kodi hiyo ilifutwa, ikaja ya asilimia 12 juu ya data yenyewe, ambayo haihitaji kujua umefungua nini.

Mpaka uko wapi hasa

Chukua anwani hii: https://sw.wikipedia.org/wiki/UKIMWI. Mtoa huduma anaona sw.wikipedia.org. Anajua ni Wikipedia, na kwa kuwa lugha iko kwenye jina, anajua ni ya Kiswahili. Sehemu inayoanza na /wiki/ iko ndani ya usimbaji, haioni. Wikipedia ilihamia https kwa kurasa zote mwaka 2015, na kabla ya hapo aliyekuwa njiani aliweza kusoma hadi jina la makala.

Kanuni ni hiyo: kilicho kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaofuata jina la tovuti kinaonekana, kilicho baada yake hakionekani. Ukitafuta "dalili za kaswende" Google, inaonekana google.com tu. Nywila, fomu uliyojaza, vidakuzi (cookies), picha uliyopakia, maoni uliyoandika, vyote viko ndani.

Lakini angalia jinsi tovuti ilivyopanga majina yake. Blogu ya bure ya WordPress au Blogspot ina jina lake mbele, kwa mfano jinalangu.blogspot.com, kwa hiyo mtoa huduma anajua ni blogu ipi hasa. Ukurasa wa Facebook uko baada ya mkwaju, kwa hiyo anajua ni Facebook na basi. Blogu na ukurasa vinaweza kuwa na maandishi yaleyale ya mwandishi yuleyule, lakini siri ya msomaji inatofautiana kabisa. Anayeandika mambo nyeti, kama afya ya uzazi au haki za wafanyakazi, afikirie hili kabla ya kununua kikoa (jina la tovuti) ambacho jina lake linasema kila kitu.

Kitu kingine kinachowachanganya watu ni seva za Google za kuhifadhi video ambazo hufungwa ndani ya majengo ya watoa huduma wenyewe. Mashine iko kwao, umeme ni wao, lakini funguo za TLS ni za Google. Wanaona video inatoka, hawaoni ni ipi. Jina refu lenye herufi za ajabu kabla ya googlevideo.com linataja seva, halitaji video.

Uzito unasema

Usimbaji hauongezi uzito wa kutosha kuficha ukubwa wa kilichomo. Filamu za Netflix hukatwa vipande vya sekunde chache, na kila kipande kina ukubwa wake, kwa sababu tukio la kufukuzana linahitaji baiti nyingi kuliko watu wawili waliokaa kimya mezani. Mfuatano wa ukubwa huo ni kama alama ya kidole. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba filamu ya Netflix inaweza kutambuliwa kwa kuangalia trafiki iliyosimbwa tu, bila kufungua hata baiti moja. Lakini kuna sharti: mwangalizi awe ameshaandaa orodha ya alama za filamu zote anazotaka kuzitambua. Hiyo ni kazi, na mtambo unaohesabu bando hauna haja nayo.

Simu za sauti ni rahisi zaidi. Pakiti ndogondogo zinazokwenda na kurudi kwa mwendo uleule, sekunde baada ya sekunde, mara nyingi ni simu. Waswahili walioko Dubai wanalijua hili bila kusoma popote: meseji ya WhatsApp inafika, simu ya WhatsApp haiungani. Hakuna aliyesikiliza mazungumzo. Umbo la trafiki limetosha.

Vinavyovuja bila wewe kufungua kitu

Simu ikiungana na mtandao, kabla hujagusa chochote, Android inauliza connectivitycheck.gstatic.com, iPhone inauliza captive.apple.com, Windows inauliza www.msftconnecttest.com. Mwenye faiba ya nyumbani kwako anajua humo ndani mna vifaa vya aina gani.

Ukiwasha hotspot pia unajulikana. Kila pakiti ina namba ya TTL inayopungua moja kila inapopita kwenye kifaa. Simu huanza na 64, Windows huanza na 128. Pakiti ikitoka kwenye simu yako na 63 au 127, kuna kompyuta au simu nyingine nyuma yake. Bando linalokataa hotspot linaweza kufanya kazi kwa hesabu hiyo ya darasa la kwanza.

Halafu kuna http ya zamani, isiyo na s. Hapo mtoa huduma anaona kila kitu na anaweza hata kuongeza vitu. Nchini Marekani, Verizon ilikuwa inapachika namba ya utambulisho ya mteja kwenye maombi ya http, na Machi 2016 ikatozwa dola milioni 1.35 na FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huko. Mbinu ileile ndiyo inayowezesha huduma za kulipia kwa salio kujua namba yako ya simu bila kukuuliza: ukurasa unafunguka kwa http, mtandao unaongeza namba kwenye kichwa cha ombi, unabonyeza tangazo mara moja, kesho unakatwa salio la nyimbo usizoziomba. Kwenye https haiwezekani kupachika, kwa sababu ombi limefungwa. Washa "Always use secure connections" kwenye mipangilio ya usalama ya Chrome, au "HTTPS-Only Mode" kwenye Firefox.

Na jina lako? Liko kwenye laini. Tanzania laini zinasajiliwa kwa alama za vidole, na zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 2020. Tovuti unayotembelea inaona anwani ya IP ambayo wateja wengi wa kampuni wanaichangia. Ukiona simu yako imepewa anwani inayoanza na 100.64 au 10, uko kwenye mpango huo. Kampuni yenyewe ndiyo inayojua ni mteja gani alitumia poti ipi saa ngapi. Kujificha kwa tovuti si kujificha kwa mtoa huduma.

Hali fiche ya kivinjari haibadilishi lolote kati ya haya. Haihifadhi historia kwenye simu yako, basi.

Jionee mwenyewe

Kwenye Android, sakinisha PCAPdroid. Haihitaji kuruti simu (kuifungulia mamlaka yote), inajifanya VPN ya ndani tu. Anza kunasa, fungua tovuti mbili tatu, kisha angalia orodha ya miunganisho: programu, jina la seva, baiti. Jina unaloliona hapo limechukuliwa kwenye DNS au SNI, kwa hiyo kwa kiasi kikubwa unaangalia kwa macho ya mtoa huduma. Simu itakuwa imekaa tu mezani na orodha inajaa, usishtuke.

Kwenye Linux, maswali ya DNS yanayopita wazi unayaona hivi:

sudo tcpdump -n -i wlan0 port 53

Na majina ya SNI hivi:

sudo tshark -i wlan0 -Y tls.handshake.extensions_server_name -T fields -e tls.handshake.extensions_server_name

Badilisha wlan0 uweke jina la kadi yako. Amri "ip link" itakutajia. Ukiona kimya wakati kurasa zinafunguka, mara nyingi ni kwa sababu kivinjari kinatumia QUIC, ambayo haionekani kwenye kichujio kile cha tls kila wakati. Zima QUIC kwenye chrome://flags kwa muda wa jaribio.

Kuziba

Anza na DNS, ni dakika moja. Android 9 na kuendelea ina "Private DNS" kwenye mipangilio ya mtandao. Kwa Samsung iko chini ya Connections, kisha More connection settings. Chagua kuandika jina la seva, uweke dns.quad9.net au dns.google au one.one.one.one. Usiandike namba 8.8.8.8 hapo, inakataa, kwa sababu inahitaji jina la kulinganisha na cheti. Chaguo la "Automatic" halisaidii kwenye suala letu: linatumia seva ya mtoa huduma yuleyule, na usimbaji ukishindikana linarudi kwenye DNS ya wazi bila kukuambia. iPhone haina menyu hii. Huko unahitaji programu au wasifu wa mipangilio.

Matatizo yake ni mawili. Wi-Fi za hoteli mara nyingi huziba poti 853 inayotumika, na simu inaandika kwamba seva ya DNS ya faragha haifikiki. Zima, ingia kwenye ukurasa wao wa kujisajili, kisha jaribu kuwasha tena. La pili ni la bando likiisha. Kurasa za bure za kampuni, kama app ya kununulia vifurushi, zinaweza kugoma, kwa sababu app ni bure lakini swali la DNS linaloelekea Google si bure. Watu huhangaika nusu saa wakidhani app imeharibika.

Ukishasimba DNS, SNI bado iko wazi. Dawa yake inaitwa ECH: jina halisi linasimbwa, na nje kunaandikwa jina la jumla. Firefox imeiwasha kuanzia toleo la 119 la mwaka 2023, Chrome nayo mwaka huohuo. Kujua kama inafanya kazi kwako, fungua crypto.cloudflare.com/cdn-cgi/trace na utafute mstari wa sni. Ukisoma sni=encrypted, umefanikiwa. Ukisoma sni=plaintext, angalia DNS kwanza: ufunguo wa ECH huletwa na rekodi ya DNS, na DNS isiyolindwa inaharibu yote. Kwenye Firefox weka DNS over HTTPS kwenye Max Protection.

Udhaifu wa ECH ni kwamba tovuti nayo lazima iwe nayo, na nyingi bado hazina. Tena haijifichi yenyewe. Zilizo nyuma ya Cloudflare zote huonyesha nje cloudflare-ech.com, na Novemba 2024 Urusi ilianza kuzuia miunganisho yenye jina hilo.

Inabaki VPN. Hapo mtoa huduma anaona seva moja tu, muda na uzito. Lakini mwenye VPN sasa anaona yote ambayo mtoa huduma alikuwa anayaona, na VPN ya bure inalipwa na kitu fulani. Kwa Tanzania ujue pia kwamba Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza kuwa wanaotumia VPN watoe taarifa kwake hadi tarehe 30 ya mwezi huo. Mtambo unaitambua VPN ya kawaida bila shida, hasa ile ya WireGuard kwenye poti 51820 au OpenVPN kwenye 1194. Na ukiiwasha, bando lako la WhatsApp litakaa bila kuguswa huku data ya kawaida ikiisha, kwa sababu mtambo haujui tena kwamba hii ni WhatsApp.

Njia pekee ya kusoma ndani

Mtoa huduma anaweza kusoma yaliyomo kwa njia moja ya kawaida: kifaa chako kikubali cheti chake. Julai 2019 Kazakhstan iliwataka wananchi wasakinishe cheti cha serikali kwenye simu zao ili https iweze kufunguliwa njiani, na mwezi uliofuata Google, Mozilla na Apple wakakizuia kwenye vivinjari vyao. Kama yaliyomo yangesomeka bila cheti hicho, kusingekuwa na haja ya kumsumbua mwananchi.

Kompyuta za ofisini mara nyingi zina cheti cha namna hiyo, kilichowekwa na idara ya IT. Kwenye Android, tafuta "Trusted credentials" ndani ya mipangilio ya usalama, kisha fungua kichupo cha "User". Kwenye simu yako binafsi kinatakiwa kiwe tupu. Ukikuta kitu ambacho hukukiweka wewe, kiguse usome ni cha nani, kisha kiondoe.